Barua kutoka Ugogo: Bunduki za Wenzo Kwenye Njia ya Misafara

Dodoma, kiangazi

Kaka yangu mpendwa wa Ohio,

Dodoma ni kiangazi hasa: mibuyu imepukutisha majani, upepo unavuma tangu asubuhi, na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya kabati la nguo. Treni ya umeme imenifikisha kwa saa chache tu kutoka Dar es Salaam. Wapagazi wa karne ya kumi na tisa walikuwa wakifika nchi hii baada ya wiki nyingi za kutembea, mzigo begani, wakisali wakute maji.

Uliniuliza kama katika nchi ya Wagogo inaweza kupatikana bunduki moja ya wenzo, ya zile unazozikusanya: Henry, au Winchester za mwanzo mwanzo, iliyosahauliwa kwenye dari la mtu. Najua kwa nini umeuliza. Msafiri Stanley alipita hapa, na Stanley alikuwa nazo. Basi nimezunguka Mvumi, Matumbulu, Bihawana na Mpwapwa, nimekaa na wazee, na jioni nimerudi kwenye vitabu. Jibu ni refu, nawe utanivumilia. Barua hii wataisoma pia vijana wa hapa nyumbani, kwa hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Bunduki ya wenzo ina mkono wa chuma chini ya kifyatulio, wenye tundu la kupitisha vidole. Mpigaji anausukuma mkono ule mbele na chini, kisha anaurudisha. Katika mwendo huo mmoja kila kitu kinafanyika: ganda tupu linarushwa nje, nyundo inavutwa nyuma, risasi mpya inapandishwa kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu, na mkono unaporudi juu risasi inasukumwa ndani ya chumba chake. Katika Henry na Winchester za kwanza, vyuma viwili vinavyofunga nyuma ya risasi hukunjuka na kunyooka kama goti la mtu. Likinyooka limefunga, likikunjika limefungua. Benjamin Tyler Henry aliisajili bunduki yake Marekani mwaka 1860. Ilibeba risasi 16 wakati askari wengi duniani bado walikuwa wakishindilia risasi moja moja kwa mdeki. Mwaka 1866 kiwanda cha Oliver Winchester, mtu aliyewahi kutengeneza mashati, kilitoa bunduki iliyoirekebisha ile ya Henry. Henry ilijazwa kwa mbele, na bomba lake lilikuwa na mfereji ulio wazi upande wa chini, mahali ambapo mchanga ungeweza kuingia. Winchester ya 1866 ikafunikwa bomba lake, ikawekewa mlango mdogo wa ubavuni wa kupenyezea risasi. Ukisimama kwenye upepo wa Dodoma saa saba mchana, unaelewa mara moja thamani ya mlango ule.

Sasa tuje kwenye njia ya misafara. Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, aliorodhesha silaha zake zote, na orodha ile imo katika kitabu chake. Ndani yake kuna Winchester moja na Henry moja, zote za risasi 16; bunduki mbili za Starr na moja ya Jocelyn, za kujazwa kwa nyuma; bunduki ya tembo; bastola; na bunduki 24 za gumegume, za kuwashwa kwa jiwe. Hebu zitazame hesabu hizi, kaka. Mashine mpya kabisa ya dunia ilikuwa kwa bwana mwenye msafara. Askari wake, chini ya nahodha wao Sidi Mubarak Bombay, kila mmoja alipewa gumegume, pembe ya baruti, mfuko wa risasi, kisu na shoka. Bombay alikuwa amekwisha kupita Ugogo mwaka 1857 pamoja na Burton na Speke, akapita tena na Speke na Grant, sasa akapita na Stanley, na baadaye akapita na Cameron. Hakuna Mzungu wa zama zile aliyeijua njia hii kama yeye, na kwa kiasi kikubwa safari zao zilikwenda kwa maarifa yake.

Misafara ikitoka Mpwapwa kuelekea magharibi ilivuka kwanza nyika ya Marenga Mkali, ambako maji ni ya kubahatisha na ni machungu. Mwisho wa nyika ile ndipo Ugogo ilipoanza, na Ugogo ilikuwa na wenyewe. Kila mtemi aliyekuwa na kisima au bwawa alidai hongo, yaani ushuru wa njia, uliolipwa kwa doti za nguo. Stanley alilipa Mvumi, akaendelea kulipa mbele ya safari, vijiji vikifuatana kama Matumbulu na Bihawana, ambavyo leo viko karibu kabisa na mji mkuu wa nchi na majina yake yamo kitabuni mwake kwa tahajia yake ya kizungu. Alikasirika sana, na hasira yake hakuificha. Sheikh Thani na wafanyabiashara wengine wa Kiarabu waliosafiri naye walimfundisha desturi: lipa, chota maji, pita.

Hili ndilo ninalotaka ulitafakari, wewe unayeipenda bunduki ile. Mtu aliyebeba risasi 16 zilizo tayari alisimama mbele ya watu wenye mikuki, pinde, ngao za ngozi na rungu, akalipa. Alilipa kwa sababu Wagogo walikuwa wengi, walijua thamani ya visima vyao, na msafara usiokunywa maji hauna siku ya tatu. Tena nguo aliyolipa kwa wingi ilikuwa merikani, kitambaa ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wamekizoesha soko la Unguja miaka mingi kabla. Winchester ilitoka Connecticut, jimbo la pembeni tu. Vitu viwili vya majimbo jirani vilikutana kwenye vumbi la Mvumi, na kilichofungua njia kilikuwa kitambaa.

Utaniuliza basi, kwa nini hazikubaki? Mbona watu wa hapa hawakuzitamani, wakazinunua, wakazirithishana?

Sababu ya kwanza ni risasi. Winchester ya 1866 ilikula risasi ya kiwandani, yenye ganda la shaba na fataki iliyofichwa ndani ya ukingo wa ganda. Huwezi kuitengeneza kwa mhunzi. Risasi zako zikiisha Tabora, unabaki na rungu zuri la shaba. Gumegume na gobore la fataki hazidai hayo yote. Baruti ilikuwa bidhaa ya kawaida ya misafara, risasi zilitengenezwa kwa kuyeyusha madini ya risasi, na yakikosekana bunduki ilitiwa vipande vya chuma au changarawe. Mhunzi wa kijijini aliweza kutengeneza nyundo iliyovunjika na kuchonga kitako kipya. Silaha inayokaa na watu ni ile wanayoweza kuilisha na kuitibu wenyewe.

Sababu ya pili ni biashara ya dunia. Majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha zao kuanzia miaka ya 1860, marundo ya bunduki zao za zamani yakatafuta soko, na Unguja ikawa mlango. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita Unguja kila mwaka. Kwa muda mrefu nyingi kati ya bunduki za biashara hiyo zilikuwa za zamani, za kushindiliwa kwa mdomoni, na zilielekea bara zikibadilishwa na pembe za ndovu. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa rugaruga, wapiganaji wake, waliobeba bunduki za namna hiyo.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni sheria iliyoandikwa wakati wakoloni walipokuwa wakiingia. Mnamo Juni 1890 Mjerumani Carl Peters, akirudi kutoka Uganda, aliingia Ugogo na kukataa desturi ya njia. Alipigana na watu wa mtemi Makenge, akachoma vijiji na kuteka ng'ombe, kisha akafika Mpwapwa. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo kwa majivuno. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba ule ulilenga biashara ya watumwa, na ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: bunduki zenye mikunjo ndani ya mtutu na zile za kujazwa kwa nyuma, pamoja na risasi zake, zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika isipokuwa kwa serikali na kwa watu waliopewa kibali. Zilizoruhusiwa kuuzwa, na hizo nazo kwa uangalizi, zilikuwa gumegume laini na baruti ya kawaida. Kwa mkataba ule Mwafrika akaachiwa silaha ya zama za Napoleon, huku aliyekuja kumtawala akibeba silaha ya mwaka huo huo.

Kwa hiyo, kaka, unapoona gobore kwenye nyumba ya Mgogo na huoni Winchester, hilo halikutokana na ushamba wala kukosa hamu. Ni matokeo ya sheria iliyoandikwa Ulaya na kufuatwa kwa miongo mingi.

Nilikwenda Mvumi kumwona mzee mmoja ambaye mwenyeji wangu alinihakikishia kuwa anajua habari za gobore. Nilimsalimu kwa Kigogo nilichojifunza, "Mbukwenyi", akacheka kwa furaha na kunivutia kigoda. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na ndipo alipoanza kusimulia. Gobore la baba yake lilikuwa likining'inia chini ya paa la tembe, juu ya moshi wa jiko, kwa sababu moshi huzuia kutu na mchwa. Lilikuwa la kulinda shamba la mtama dhidi ya nguruwe na tembo, na lilipigwa hewani mara chache siku za msiba wa mtu mkubwa. Alinionyesha kwa mikono mitupu jinsi ya kulipakia: baruti kwanza, kisha kitambaa, mdeki ukashindilia, halafu marisau, kitambaa tena, mdeki tena, mwisho kabisa fataki juu ya titi lake la chuma. Mikono yake ilikumbuka kila hatua. Gobore lenyewe halipo. Familia ililipeleka polisi wakati serikali ilipotangaza watu wasalimishe silaha kwa hiari.

"Mlifanya vizuri, mzee wangu," nilimwambia.

"Tulifanya vizuri," alijibu. "Lakini hakuna aliyetuuliza lilitoka wapi. Baba alisema babu yake alilipata kwa Wanyamwezi wa msafara, kwa mbuzi na mtama. Yule askari aliandika jina langu tu."

Maneno hayo yamenikaa rohoni. Mimi naunga mkono kabisa kazi ya kuondoa silaha zisizo na leseni mikononi mwa watu. Gobore limeua tembo wengi na limeua watu, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ina sababu zake njema. Silaha zilizokusanywa zimewahi kuteketezwa hadharani, na ni sawa hivyo. Ila kati ya mabomba ya maji yaliyogeuzwa mitutu juzi, huenda mna gumegume halisi ya msafara, yenye alama ya kiwanda chake karibu na nyundo. Moto hauchagui. Mtu mmoja mwenye daftari na jicho la kujua alama angetosha kuitenga.

Nimefikiri pia juu ya bunduki nyingine za nyanda hizi, maana wenzo haukuwa peke yake. Kusini mwetu, Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walivunja msafara wa Mjerumani Zelewski na kuchukua bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga mitatu. Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa akajiua mwaka 1898 badala ya kukubali kukamatwa. Kaskazini, Kondoa ilipiganiwa mwaka 1916 kati ya jeshi la Waingereza na Makaburu upande mmoja na askari wa Wajerumani upande wa pili, ambao wengi waliianza vita ile na Mauser za muundo wa 1871, zenye kutoa moshi mzito uliowafichua walipo. Julai mwaka ule Dodoma yenyewe ikatekwa. Ni historia ya bunduki iliyokamilika, kutoka gumegume hadi bunduki ya mtombo, ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa gari kwa siku chache. Kalenga kuna makumbusho, na fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 limo humo. Kwihara, karibu na Tabora, wameijenga upya tembe walimokaa Livingstone na Stanley. Hapa Ugogo, mahali penye kisa cha pekee cha bunduki ya risasi 16 iliyolipa hongo, sikukuta hata kibao cha barabarani.

Sasa nikurudie wewe na wenzako wakusanyaji. Ninaheshimu elimu yenu. Ulinieleza kwamba sheria ya Marekani ya 1968 inaihesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, ndiyo maana nyinyi mnaweza kuzishika, kuzichunguza na kuzirithisha. Ulinieleza kwamba mkusanyaji mzuri hasugui wala kupaka rangi, kwa kuwa kutu ya kweli ni ushahidi. Ulinieleza kuwa kule Cody, Wyoming, zimehifadhiwa daftari za kiwanda cha Winchester, na kwa namba nyingi mtu anaweza kuomba barua inayosema bunduki yake ilitoka ghalani lini na ikiwa ya namna gani. Bunduki yenye karatasi na kisa ni hazina. Isiyo na karatasi ni chuma na mti. Ndiyo maana Winchester ya 1895 inawasisimua wengi wenu hadi leo: aliyekuwa Rais wa Marekani, Roosevelt, aliibeba alipowinda Kenya mwaka 1909, akaandika kila alichofanya nayo, na bei inafuata maandishi.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo ninayoiomba kwa ajili ya nchi yetu. Sisi tuna visa bila karatasi. Tuna wazee ambao mikono yao inakumbuka mdeki, na hatuna anayeandika. Tuna pia tarehe inayotubana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavitambua kama masalia ya kulindwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863. Cha baada ya hapo kwa kawaida husubiri kutangazwa na waziri. Itazame tarehe ile. Winchester ya Stanley haiingii. Za Lugalo haziingii kabisa. Silaha nyingi za zama ambamo bunduki iligeuza maisha ya watu wa bara letu zimeachwa nje ya mlango.

Basi jibu langu ni hili. Hapa hakuna Winchester ya kukuletea, na hata ingekuwapo nisingekuletea. Bunduki ya kale ya Ugogo haistahili kutoka kwa siri kwenye sanduku la mtu. Pa kukaa kwake ni makumbusho, ikiwa imeondolewa uwezo wa kupiga, ikiwa na jina la kijiji na la ukoo ulioitunza. Wewe unaweza kusaidia kwa njia nyingine iliyo bora zaidi. Wakusanyaji wenzako wanajua alama za viwanda kuliko yeyote hapa. Tengenezeni kijitabu chenye picha za alama za gumegume, za bunduki za fataki, za Mauser na Martini zilizoingia Afrika Mashariki, mkitume kwa makumbusho zetu na kwa polisi wanaopokea silaha zinazosalimishwa. Na mkiona kwenye mnada wa huko kitu kinachosemwa kuwa kilitoka Ugogo, Unyamwezi au Uhehe, daini karatasi zake, mpige picha, mtuandikie.

Nanyi vijana mnaosoma barua hii baada ya kaka: kama nyumbani kwenu kuna gobore lisilo na leseni, lipelekeni kituoni bila woga wakati wa msamaha. Lakini kabla ya kulipeleka, kaeni na babu au bibi, andikeni lilitoka kwa nani, kwa bei gani, na lilifanya kazi gani, mkampe nakala ya maandishi hayo ofisa wa utamaduni wa wilaya. Na wabunge wetu, ambao sasa wanakutana hapa hapa Dodoma kwenye nchi ya hongo na visima, waiondoe tarehe ya 1863 waweke angalau 1918. Ni kazi ya mstari mmoja wa sheria.



Mdogo wako